Chembe Nyekundu za Ng'ombe wa Mjomba

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na mtoto mmoja, nilipoambiwa kwamba kitunguu kimejengwa kwa vyumba. Aliyeniambia alikuwa fundi wa maabara ya mifugo pale Mbulu, mtu wa makamo aliyetoka Tabora, na hakuishia kuniambia tu. Alibandua ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, inayoteleza kama utando wa yai, akaitandaza juu ya kipande cha kioo, akaidondoshea rangi, kisha akanisogeza kwenye darubini ya kutazamia vidudu, hii ambayo wajukuu wangu wanaiita hadubini.

"Funga jicho moja," alisema. "Si hilo. Lingine."

Nikaona ukuta wa matofali. Marefu, yamebanana, na ndani ya kila tofali kuna doa jeusi kama punje ya ulezi.

"Kila tofali hapo ni kitu kizima kinachoishi," alisema fundi. "Kinakula, kinapumua, kinagawanyika kuwa viwili. Hiyo ndiyo chembe. Kitunguu ni chembe nyingi, ng'ombe ni chembe nyingi, na wewe vilevile. Lakini wale wanaoua ng'ombe, wengi wao ni chembe moja tu. Ndiyo maana hamuwaoni."

Kabla ya siku hiyo nilikuwa mtu wa josho. Kazi yangu ilikuwa kusukuma ng'ombe wa watu waingie kwenye maji yenye dawa na kuandika idadi yao kwenye daftari. Nilikuwa nimefika darasa la sita, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwandiko ndio ulionitoa joshoni. Bwana mifugo, Mwingereza mmoja mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, aliliona daftari langu akauliza ni nani aliyeandika, na wiki iliyofuata nikapewa koti jeupe na kiti cha mbao kando ya fundi. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na mtu mweusi mwenye koti jeupe alitazamwa sana katika mji mdogo kama ule. Sitasema uongo, nilipenda kutazamwa.

Miezi ile ya kwanza fundi alinifundisha kutenganisha. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kukitenga kitu na kile kinachofanana nacho. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ndogo za kupe waliohifadhiwa katika spiriti, na kila chupa ilibandikwa kikaratasi chenye majina mawili ya Kilatini.

"La kwanza ni la ukoo," alisema. "La pili ni lake mwenyewe. Ukijua la ukoo peke yake hujamjua bado."

Kupe wa kahawia anayekaa masikioni mwa ng'ombe alikuwa na ndugu watatu ambao kwa macho yangu walikuwa yeye yule. Fundi alinionyesha mahali pa kutazama: upana wa mdomo, vidoti vya mgongoni, rangi ya miguu. Nilipokosea alinirudishia chupa bila kusema neno, nami nikaanza upya. Baadaye tukahamia kwenye damu. Chembe nyekundu ni duara, zimejaa kama dengu zilizomwagwa mezani. Chembe nyeupe ni chache, kubwa, na kiini chake hushika rangi ya zambarau. Ndigana kali, ugonjwa ule unaoua ng'ombe, alinieleza, huingia kwa kuumwa na yule kupe wa sikio. Mdudu wake huanza kwa kukaa ndani ya chembe nyeupe, kwenye tezi, akazaliana humo mpaka tezi inavimba kama kiazi. Halafu vizazi vyake vinahamia kwenye chembe nyekundu, na humo vinaonekana kama vijiti vidogo na nukta.

"Sasa sikiliza vizuri," alisema siku hiyo, akaiondoa darubini mbele yangu ili nimtazame yeye. "Huyu muuaji ana ndugu yake mpole. Ukoo ni mmoja. Yule mpole anaweza kukaa katika damu ya ng'ombe mzima miaka yote, na ng'ombe akala, akazaa, akanenepa. Ukiwatazama wawili hawa ndani ya chembe nyekundu hutawatofautisha. Mimi siwezi, na bwana mifugo hawezi. Ndiyo maana tunachukua vioo viwili: damu ya sikio, na maji ya tezi. Damu peke yake haisemi kitu."

Nilielewa. Ninaliandika hili makusudi, kwa sababu baadaye, kwa miaka mingi, niliwaambia watu kwamba sikuwa nimeelewa.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikuja mapema. Fundi alikwenda likizo kwao Tabora, ya kwanza baada ya muda mrefu, akaniachia ufunguo wa kabati la darubini. Hakukaa sana huko ndipo habari ikafika kwamba ndama kadhaa wamekufa kwenye shamba la mzungu mmoja chini ya mlima Hanang. Kila kiangazi wafugaji wa mbugani hupitisha ng'ombe wao karibu na shamba hilo wakienda kwenye maji na kwenye ardhi ya magadi kando ya ziwa Balangida. Mwenye shamba aliandika barua kusema kwamba ng'ombe wao ndio waliomletea ndigana. Bwana mifugo aliniita ofisini.

"Mama yako ni mtu wa kule, sivyo?" aliniuliza. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha vitabuni.

"Ndiyo, bwana. Baba ni mtu wa Nambis, lakini mama alitoka mbugani."

"Basi wewe watakukubali. Nenda ukachukue damu kabla hawajaanza kuhama."

Nilikwenda kwa miguu, kasha la vioo nimelibeba mwenyewe ili lisitikiswe. Nililala Dongobesh, katika ua wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyefahamiana na baba. Alinipa chakula na mahali pa kulala, na asubuhi akaniambia kwamba Alhamisi lori lake litakuwa Katesh likipakia ngozi.

"Ukifika kabla ya adhuhuri, dereva atakupakia. Ukichelewa, utarudi na miguu yako."

Mbugani maboma matatu ya kwanza yalinikataa. Hawakunitukana. Walinipa maziwa, wakaniuliza habari za mama, na nilipotoa kisu na vioo walisema ng'ombe wako malishoni, watarudi kesho kutwa, labda mtondo. Katika boma la tatu mzee mmoja aliniambia wazi kwamba damu ya ng'ombe wake haiendi Mbulu. Nikafika kwa mjomba Jumatano alasiri.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, mtu mrefu, mwembamba, aliyejifunga shuka jeusi na kutembea kama mtu asiyeharakishwa na lolote. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda kuja kwetu Nambis na kibuyu cha siagi kwa dada yake, akakaa siku mbili, akarudi. Mimi aliniita mtoto wa dada, hata nilipokuwa na mtoto wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mtoto wa dada." Kiswahili chake hakikwenda mbali zaidi ya hapo. Yaliyobaki tuliyasema kwa lugha ya kwao, ambayo mama alinifundisha.

Nilimweleza kazi iliyonileta. Alisikiliza huku akichora chini kwa ncha ya fimbo.

"Mkishaitazama hiyo damu?"

"Tutajua kama kuna ugonjwa."

"Mimi nimewatazama asubuhi hii. Hakuna ugonjwa."

"Serikali inataka kuona yenyewe, mjomba."

Akacheka kidogo. "Majirani zangu wamekukataa, nimesikia. Wanasema anayeipa serikali damu ataipa na ngozi. Mimi nimewaambia huyu si serikali, huyu ni mtoto wa dada yangu. Chukua."

Jua lilipokuwa likishuka ng'ombe walirudi, na mjomba mwenyewe pamoja na wanawe wakanishikia kumi na wawili. Nilichanja ncha za masikio, tone moja kwa kila kioo, nikalipaka kwa ukingo wa kioo kingine, nikapuliza mpaka likakauka, nikaandika namba. Wale vijana walitazama mikono yangu kwa heshima. Ng'ombe mmoja mweupe alipotikisa kichwa na kunirushia damu kwenye koti, mjomba aliipangusa kwa kiganja chake.

Ilibaki tezi. Kwa tezi ng'ombe lazima alazwe chini, afungwe miguu, mtu aishike ile tezi ya mbele ya bega kwa vidole viwili na kuingiza sindano. Kwa ng'ombe kumi na wawili ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Katesh ilikuwa mwendo wa saa nne, na lori lilikuwa la adhuhuri. Usiku ule kabla ya kusinzia nilipiga hesabu ya saa, na kulipokucha nilikuwa nimeshafunga kasha.

"Umemaliza?" aliuliza mjomba.

"Nimemaliza."

Alinisindikiza mpaka njia panda. Nililiwahi lori. Nilikaa mbele na dereva, na barabara ilikuwa nzuri.

Maabarani nilikuwa peke yangu. Nilitia rangi, nikaosha, nikakausha, nikaanza na namba moja. Katika kioo cha tatu niliviona: vijiti vyembamba ndani ya chembe nyekundu, hapa kimoja, pale kimoja, na nukta pembeni yake. Mpaka jioni nilikuwa nimeviona katika ng'ombe watano. Nilifurahi. Hakuna neno jingine. Nilikuwa nimetumwa kutafuta kitu nami nimekipata bila kusaidiwa na mtu, na nikamwendea bwana mifugo nikimwomba aje atazame kwa jicho lake.

Alitazama. Kisha akavuta fomu.

"Tezi?"

"Sikuchukua maji ya tezi, bwana."

"Kwa nini?"

"Muda, bwana."

Aligonga kalamu juu ya meza. "Lakini ulizishika. Zilikuwa zimevimba?"

"Sikuzishika."

Dirishani nyuma yake nilimwona tarishi akimwagilia maua. Bwana mifugo aliirudia ile barua ya mwenye shamba, akaisoma tena, akaiweka.

"Damu ina vijiti. Ndama wamekufa. Basi tezi zilikuwa zimevimba," alisema, na haikuwa swali. "Jaza fomu."

Kulikuwa na safu ya damu na safu ya tezi. Katika safu ya tezi niliandika mara tano: zimevimba. Niliandika kwa mwandiko ule ule uliowapendeza, herufi zimesimama wima, na kila neno liko katikati ya kisanduku chake.

Karantini ilitangazwa kabla mwezi haujaisha. Upande wote wa mbuga aliokaa mjomba ulifungwa: hakuna ng'ombe kuvuka kwenda ziwani, hakuna ng'ombe kwenda mnadani, na matarishi wenye silaha wakawekwa kwenye njia. Niliona tangazo likipigwa chapa. Nilijiambia ni wiki chache. Nilijiambia pia kwamba karantini ni kwa faida ya wafugaji wenyewe, maneno niliyoyakuta katika tangazo hilo hilo.

Mama alikuja mjini kwa miguu kutoka Nambis. Hakuwahi kufika maabara kabla ya siku hiyo. Nilimkuta ameketi kwenye jiwe nje ya mlango, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyechukua damu ya ng'ombe wa kaka yangu?"

"Ni mimi."

"Na damu ilisema nini?"

"Ilisema ni wagonjwa."

"Na wewe uliwaona wagonjwa?"

Alisubiri. Mama alijua kusubiri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu.

"Watu waliotoka huko wanasema wanakufa," alisema mwishowe. "Nenda ukawaone."

Niliomba ruhusa, nikaenda. Safari hii sikulala kwa yule mfanyabiashara wa Dongobesh. Nilipita nyuma ya mji.

Mbuga ilikuwa imekwisha. Nyasi zilikuwa zimeliwa mpaka mizizi, na upepo ulichukua udongo uliobaki. Visima vya mchangani vilitoa matope. Kabla ya kufika kwa mjomba nilihesabu mizoga mpaka nikaacha kuhesabu, na kwa kuwa nilisomeshwa kutambua, niliweza kutambua: hapakuwa na povu puani, wala macho yaliyofura. Mifupa imetokeza, matumbo yamegandamana na uti wa mgongo. Hiyo ni njaa na kiu. Mtoto yeyote wa pale angeweza kuniambia bila darubini.

Nilimkuta mjomba amesimama kando ya yule ng'ombe mweupe aliyenirushia damu. Ng'ombe alikuwa amelala chini, bado hai, shingo imenyooka mbele.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Alinitazama, akamtazama ng'ombe.

"Shika hapa," alisema.

Alichukua mkono wangu akauweka chini ya sikio la ng'ombe, kisha mbele ya bega. Vidole vyangu vilitafuta. Tezi zilikuwa ndogo, laini, mahali pake.

"Ndigana tunaijua," alisema. "Baba yangu aliijua kabla wazungu hawajafika. Tunaishika hapa kila asubuhi, kwa kila ndama. Ikivimba hapa, tunamtenga ndama huyo siku hiyo hiyo. Wewe ulikuja, ukakata masikio, ukaondoka. Nikasema moyoni, labda huko walikomfundisha kuna njia nyingine. Kuna njia nyingine?"

"Hakuna, mjomba."

"Basi kwa nini hukushika?"

Ningeweza kumwambia habari za lori. Wanawe wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, wale walionishikia ng'ombe, na mmoja wao alitema mate chini akaondoka.

Mjomba aliendelea kwa sauti ile ile ya chini. Alisema majirani hawamsemeshi. Wao walikataa damu yao isiende Mbulu, na damu yake ndiyo iliyofunga njia ya wote. Mkutano ulikuwa umefanyika, na wazee walikuwa wamemwambia kwamba mvua ikinyesha ahame atafute mbuga nyingine. Hakuwalaumu wazee.

Nilimwomba ruhusa ya kuchukua maji ya tezi. Nilikuwa nimekuja na sindano. Nilidhani atanifukuza.

"Chukua," alisema. "Wote waliobaki. Sasa una muda."

Hakuna aliyenisaidia. Sikuhitaji kumlaza ng'ombe hata mmoja; walikuwa wamelala wenyewe. Nilikwenda kutoka huyu mpaka yule, nikaingiza sindano, nikapuliza tone juu ya kioo. Watano niliowaandika kwenye fomu walikuwa wamebaki wawili. Nilimaliza jua likiwa bado juu, na nilipotaka kuaga mjomba alikuwa ameingia ndani.

Fundi alikuwa amerudi kutoka Tabora. Nilimpa vioo bila maelezo, naye hakuniuliza. Alitia rangi mwenyewe, akakaa kwenye darubini siku nzima. Chembe nyeupe za tezi, alisema, ni safi zote. Akarudia kwenye vile vioo vyangu vya damu, akaviona vijiti, akatingisha kichwa.

"Ni yule mpole," alisema. "Ng'ombe wengi wa nchi hii wanaye. Hata wa josho la hapa tungewapima tungemkuta." Kisha akasema, "Niletee fomu."

Nilimletea nakala. Aliisoma, akaweka kidole juu ya safu ya tezi.

"Huu ni mwandiko wako."

"Bwana mifugo aliniambia..."

"Sikuuliza aliyekuambia." Aliikunja fomu akanirudishia. "Na vioo vya wale ndama wa shambani viko wapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Tulitafuta kabatini, kwenye makasha, kwenye daftari la kuingiza vioo. Hapakuwa na kitu. Hakuna mtu aliyechukua tone la damu wala la tezi kutoka kwa ndama wa yule mzungu. Walikufa, wakafukiwa, barua ikaandikwa. Mpaka leo sijui walikufa kwa nini.

Tulikwenda wote wawili kwa bwana mifugo, fundi mbele. Fundi alieleza kwa adabu, kwa utaratibu, akiweka vioo mezani kimoja kimoja. Bwana mifugo alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo linaloniudhi zaidi nikimkumbuka. Mtu mbaya ningeweza kumwekea mzigo wote. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Vioo hivi vinaonyesha kwamba ng'ombe waliobaki hawana ndigana," alisema. "Waliokufa hatujui."

"Waliokufa wamekufa kwa kiu, bwana," nilisema.

"Hilo halimo kwenye kioo."

Fundi alikusanya vioo vyake. Bwana mifugo aliandika barua ya kuomba karantini ifunguliwe, nadhani aliandika kwa nia njema, lakini barua ilipaswa kwenda kwa wakubwa wake, na wakubwa walipaswa kumwuliza mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa safarini. Jibu lilifika baada ya mvua kunyesha, wakati kila bonde lilikuwa na maji na hakuna aliyehitaji ziwa. Njia ilifunguliwa. Matarishi walirudi Mbulu wamenenepa.

Mjomba alihama na ng'ombe alioweza kuwatembeza. Alielekea kusini, mbali na ndugu zake, na mwaka ule hakupanda Nambis na kibuyu cha siagi. Wala mwaka uliofuata. Mama hakulitaja jambo hilo mbele yangu. Aliendelea kunipikia nilipomtembelea, kuniuliza habari za watoto, kuniombea. Ila kila baada ya mavuno alikuwa akifagia njia ya kutoka nyumbani mpaka kwenye miti ya mwisho, siku mbili mfululizo, na nilipojaribu kumchukulia ufagio alikataa.

Alipofariki tulituma watu wawili kwenda kumtafuta kaka yake. Walimpata. Walisema aliwapokea vizuri, aliwapa maziwa, alilia. Halafu akauliza ni nani atakayezika, na walipomtajia mimi, mwana mkubwa, alisema miguu yake haimfikishi tena huko. Walisema alikuwa akitembea vizuri.

Mimi niliendelea na kazi. Watu wanapenda kusikia kwamba mtu aliyefanya kosa kama langu alivua koti jeupe akarudi kulima. Sikuvua. Nilikuwa na watoto wa kusomesha, na kazi niliipenda, na fundi alipostaafu mimi nilipewa nafasi yake. Bwana mifugo aliyefuata alinisifu mbele ya wageni kwa uangalifu wangu. Nilikuwa mwangalifu kweli kweli. Vijana waliokuja kujifunza kwangu niliwaanzisha na kitunguu, kisha kupe, kisha damu, na kuhusu tezi nilikuwa mkali mpaka wakanipa jina la utani kwa sababu hiyo. Sikumweleza hata mmoja wao sababu.

Katika miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru nilikwenda Katesh siku ya mnada kukagua ng'ombe wa kuuzwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maziwa alinitazama kwa muda, akanijia. Alikuwa binti wa mjomba, yule wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa mdogo sana. Alinisalimu kwa heshima, kama inavyompasa binamu kumsalimu mkubwa wake, nami nilishikwa na haya kuliko kama angenipiga.

Nilimwuliza habari za baba yake.

"Amefariki, mwaka wa pili sasa," alisema. "Kifua."

"Na ng'ombe?"

"Hakupata tena ng'ombe wa kutosha. Alichunga ng'ombe wa watu. Wenye ng'ombe walimpenda, alijua magonjwa." Alisema bila kunichoma, alikuwa akinipa habari tu. "Kaka zangu wako mashambani, kwa wazungu, huko chini ya mlima."

"Shamba gani?"

Akanitajia. Lilikuwa lile lile la ndama.

Nilimwuliza kama baba yake aliwahi kunitaja. Alifikiri, akiwa mkweli na asiyetaka kunidanganya wala kuniumiza.

"Hapana," alisema. "Alimtaja shangazi. Wewe sikumsikia akikutaja."

Mnadani walikuwa wakiniita. Ng'ombe walikuwa wamepangwa kwenye kamba na mnunuzi mmoja alikuwa akilalamika kwamba jua linakuwa kali. Binamu yangu alijitwisha kibuyu chake, akaniaga, akaniambia nimsalimie mke wangu na watoto. Nilisema nitawafikishia. Nikarudi kwenye kamba, nikakunja mikono ya koti, nikaanza na ng'ombe wa kwanza.